Nyaya Zisizobeba Moto

Waya wa plagi wa gari la kawaida la petroli una unene wa milimita 7, mpira wake ukiwamo. Ukiupunguza mara 25, kama wanavyofanya watengenezaji wa modeli za magari za plastiki, unabaki na kitu cha milimita 0.28. Ugomvi wote unaanzia hapo. Waya wa unene huo hupeperushwa na pumzi na ukianguka kwenye zulia hauonekani tena, lakini mtu anataka kuuchomeka kwenye tundu alilolitoboa kwa mkono, auvishe kofia ya mpira yenye urefu wa milimita moja na nusu, kisha arudie kazi hiyo mara nane kwa sababu injini aliyoichagua ni V8.

Hakuna anayemlazimisha. Viwanda vinavyouza modeli hizi kwa vipande, kama AMT na Revell, zilizoanzia Marekani, au Tamiya ya Shizuoka, Japani, kwa kawaida huziacha nyaya za plagi katika magari ya kipimo cha 1/24 na 1/25. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani ya kalibu la chuma la pande mbili, na uzi wa plastiki mwembamba kiasi hicho, unaopinda huku na huku hewani, hautoki kwenye kalibu ukiwa mzima. Kwa hiyo mnunuzi hupata bloku ya injini, karbureta, feni, altaneta, na uvimbe mdogo wa plastiki unaowakilisha distributa. Akiunganisha kila kitu kama karatasi ya maelekezo inavyosema, anapata injini safi ambayo fundi yeyote wa gereji angeitazama na kuuliza nani kaiba nyaya.

Katika vipimo vikubwa hali ni nafuu. Tamiya ilipotoa gari la mashindano la Honda RA273 kwa kipimo cha 1/12 mwaka 1967, ndani ya boksi mlikuwa na mipira laini ya kuigiza mabomba na nyaya. Pocher ya Italia, iliyojulikana kwa magari makubwa ya 1/8 kama Alfa Romeo na Rolls-Royce, iliuza modeli zenye vipande vingi vya chuma ambavyo mtu angeweza kuvifunga kwa skrubu. Kwenye 1/8 waya wa plagi una unene wa karibu milimita 0.9, na vidole vya kawaida vinauweza. Kazi ya kupima subira iko kwenye 1/24 na 1/25, na huko ndiko waliko watengenezaji wengi.

Mfumo wenyewe unaoigwa ni wa zamani. Mmarekani Charles Kettering na wenzake wa Delco, katika mji wa Dayton, Ohio, ndio walioipelekea Cadillac mfumo wa betri, koili na distributa karibu mwaka 1910, na kwa zaidi ya nusu karne baada ya hapo magari mengi ya petroli duniani yalifuata njia hiyo. Betri hutoa volti chache tu, 6 kwa magari ya kale na 12 kwa yaliyofuata. Koili huzipandisha kupita 20,000. Umeme huo hupita kwenye waya mmoja mnene hadi katikati ya kifuniko cha distributa, na humo ndani rota huzunguka ikiugawa kwa plagi moja baada ya nyingine. Distributa huzunguka mara moja kila injini inapozunguka mara mbili, kwa hiyo injini ya silinda sita inayokwenda mizunguko 6,000 kwa dakika inahitaji cheche 300 kila sekunde.

Kwa mtengeneza modeli, hesabu hiyo si mapambo. Inamwambia kila waya unatoka wapi na unaishia wapi. Nyaya nene ni idadi ya silinda ukiongeza mmoja: tano kwa injini ya silinda nne, saba kwa ya sita, tisa kwa V8. Huo wa ziada, unaotoka kwenye koili, ndio unaosahaulika kuliko yote. Kuna modeli zilizofanyiwa kazi ya wiki nzima ambazo, kwa mujibu wa nyaya zake, zisingewaka hata siku moja.

Volti 20,000 ndizo pia zinazoeleza umbo la waya. Umeme wa nguvu hiyo hurukia chuma chochote kilicho karibu, kwa hiyo waya hufunikwa kwa mpira mwingi. Ndani yake mara nyingi hamna shaba. Mna nyuzi zilizojazwa kaboni, ili cheche zisilete kelele kwenye redio ya gari. Matokeo yake ni waya mnene, laini, usiong'aa, unaolegea kwa uzito wake na kupinda kwa tao pana. Waya mwembamba wa shaba anaoutumia mtengeneza modeli una tabia tofauti kabisa: ni mgumu kwa ukubwa wake, hauna uzito wa kuulegeza, na ukiguswa vibaya hupata kona kali isiyonyooka tena. Sehemu kubwa ya ufundi huu ni kuufanya waya usio na uzito uonekane una uzito.

Kosa la kwanza la wanaoanza, hata hivyo, huwa ni unene. Wengi hukimbilia waya wa vifaa vya elektroniki wa geji 30, wenye ngozi ya plastiki ya rangi nzuri, nyekundu, njano au buluu. Plastiki yake ikihesabiwa, waya huo una karibu nusu milimita. Zidisha kwa 25, unapata milimita 12.5, na injini inaonekana imefungwa mipira ya kumwagilia bustani. Jicho hulitambua kosa hilo kabla ya akili kulipatia jina.

Shaba iliyopakwa vanishi, ile inayotumiwa na mafundi wa kusuka mota, inakaribia ukweli zaidi. Geji 28 ya Marekani, ambayo ni karibu sawa na geji 30 ya Kiingereza inayotumika kwenye karakana nyingi za Afrika Mashariki, ina milimita 0.32, yaani milimita 8 kwenye gari halisi. Huo ndio unene wa nyaya zinazopendwa na watu wa magari ya mbio. Anayetaka milimita 7 za kiwandani ashuke hadi geji 32 ya Kiingereza. Vipande vinavyobaki kwa msuka mota vingetosha kutia nyaya magari mengi. Ubaya wake ni kwamba vanishi haipendi rangi: waya usuguliwe kidogo kwa msasa laini na kupanguswa kwa spiriti, ukunjwe kwanza, kisha ndipo upakwe, maana rangi iliyokauka hubanduka kwenye kona.

Wengine hutumia waya wa risasi au wa kulehemu wa milimita 0.3. Huo hutii mkono kuliko shaba na hulegea vizuri, ila risasi ni sumu na mikono ioshwe kabla ya kushika chakula. Kamba ya nailoni ya kuvulia samaki haifai, kwa sababu hukumbuka jinsi ilivyozungushwa dukani na hujirudi. Uzi wa kushonea una manyoya, ambayo kamera huyakuza bila huruma. Ipo pia njia ya bure kabisa: kukishikilia kijiti cha plastiki kilichobaki kwenye boksi juu ya mshumaa mpaka kilainike, kisha kukivuta kikawa uzi. Unene wake hutegemea kasi ya mkono, na hukatika ukikunjwa ukiwa baridi. Hufaa zaidi nyaya fupi zilizonyooka.

Gari zuri la kujifunzia ni Datsun 240Z, na wasomaji wa huku wana sababu yao ya kulipenda. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally ya 1971, na Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, akashinda nalo mwaka 1973, ushindi wake wa kwanza kati ya mitano katika mashindano hayo. Tamiya imetoa 240ZG kwa kipimo cha 1/12, ambako waya wa plagi ni milimita 0.58, na gari hilo limetengenezwa na viwanda vingine kwa kipimo cha 1/24.

Injini yake, L24, ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Faida yake kwa mwanafunzi iko kwenye mpangilio. Karbureta na mabomba ya moshi yote yamekaa upande wa kushoto wa injini. Plagi ziko upande wa kulia peke yake, na distributa iko mbele upande huohuo wa kulia. Hakuna waya unaolazimika kuruka juu ya injini wala kupita kati ya mabomba. Zinatoka kwenye kifuniko, zinaelekea nyuma, kila moja inaangukia plagi yake. Wa silinda ya kwanza mfupi, wa silinda ya sita mrefu kuliko zote. Ule wa saba unakwenda kwenye koili, iliyofungwa pembeni kwenye bodi. Zamu ya kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, rota ikizunguka kinyume cha mwendo wa saa. Ukiitazama modeli kutoka juu unaweza kuifuata zamu hiyo kwa ncha ya sindano.

Anayetaka Datsun ya Safari hasa aitafute picha ya miaka hiyo na asitegemee gari lililokarabatiwa kwa maonyesho. Gari la maonyesho huwa na nyaya mpya zinazong'aa, zimepangwa kwa vibanio vya kisasa. Safari ilikimbiwa wakati wa Pasaka, msimu wa mvua, na maji au tope kwenye distributa ni njia ya haraka ya kuzima injini ya petroli, kwani unyevu huivujisha cheche kabla haijafika kwenye plagi. Vumbi jekundu la unga wa chaki, likipakwa kwa brashi kavu juu ya nyaya na kava ya tapeti, hufanya kazi zaidi kuliko rangi yoyote ya bei mbaya.

Kutoboa kifuniko cha distributa ndiko kunakowakatisha tamaa watu. Kwenye 1/25 kifuniko cha V8 kina upana wa milimita 3 hadi 4, nacho kinahitaji matundu manane kwenye duara na la tisa katikati. Duara likiwa na kipenyo cha milimita 3, kutoka tundu hadi tundu ni milimita 1.2 hivi. Keekee ya umeme haifai hapa, huyeyusha plastiki. Kinachotumika ni keekee ya kushika kwa vidole, yenye ncha ya milimita 0.35 au 0.4, na ncha hizo huvunjika kama mtu akizikandamiza. Kwanza sindano kali huchoma alama mahali pa kila tundu, ili ncha isiteleze. Halafu keekee huzungushwa taratibu, ikiondolewa kila baada ya mizunguko michache kutoa unga wa plastiki. Ni busara kutoboa distributa ikiwa bado imeshikamana na fremu yake ya boksi, kwa sababu fremu hiyo ndiyo mpini.

Wapo wanaokwepa shida hii yote. Hukata kichwa cha distributa, hukibadilisha kwa kipande cha mrija mwembamba, na kuzisokomeza nyaya zote kwenye mdomo wake kwa pamoja. Kutoka mbali inakubalika. Kutoka karibu inafanana na fagio. Wauzaji wa vipuri vya modeli nao huuza distributa za aluminiamu au rezini zilizokwisha kutobolewa, nyingine zikiwa na nyaya zake tayari. Kwa modeli ya kwanza si aibu kununua.

Baada ya kutoboa, kazi hupata raha. Nyaya hukatwa zikiwa ndefu kuliko inavyohitajika na huingizwa kwenye kifuniko kabla distributa haijawekwa kwenye injini. Kofia za mpira zinazoshika plagi, ambazo kwenye gari halisi zina urefu wa sentimita 4 hivi, hutengenezwa kwa kuchuna ngozi ya waya mnene kidogo na kuikata vipande vya milimita 1.6. Kila kipande huvishwa kwenye waya wake na kusukumwa hadi mwisho. Sehemu fupi ya waya iliyochomoza mbele ya kofia ndiyo inayoingia kwenye tundu la plagi ubavuni mwa injini. Wembe mpya, ubao wa kukatia na taa ya karibu vinahitajika, na pia ukubali mapema kwamba kofia kadhaa zitaruka na hazitaonekana tena.

Kisha yanakuja yale matao. Waya halisi wa milimita 7 haukunjwi kwa kona ya mraba. Hupinda kwa mzingo wenye nusu kipenyo cha sentimita mbili au tatu. Ukiuzungusha waya wa modeli kwenye msumari wa milimita 2 unapata tao la milimita 1, sawa na sentimita 2.5 za gari halisi. Kwa hiyo kila kona ikunjwe juu ya kitu cha duara, isikunjwe kwa ncha ya kibano. Na pale waya unapopita hewani bila kushikiliwa, katikati yake pasukumwe chini kidogo, kwa sababu mpira ungelegea hapo. Nyaya zilizokazwa moja kwa moja kutoka distributa hadi plagi ndizo zinazoisaliti modeli haraka kuliko rangi mbaya.

V8 za Kimarekani zinaongeza fumbo la pili: distributa haikai mahali pamoja. Kwenye injini ndogo ya Chevrolet iliyoanza 1955 iko nyuma, karibu kugusa ukuta unaotenga injini na dereva. Kwenye Ford 289 ya Mustang za miaka ya 1960 iko mbele. Chrysler 426 Hemi, iliyoingia kwenye mashindano mwaka 1964, ina distributa mbele na plagi katikati ya kichwa cha silinda, kwa hiyo nyaya hupenya kwenye kava ya tapeti na kuzama kwenye mirija. Mwenye kuitengeneza hutoboa matundu manne juu ya kila kava, na kazi yake huonekana wazi kuliko kwenye injini nyingine yoyote, maana plagi hazijafichwa chini ya mabomba ya moshi.

Je, zamu ya kuwaka ifuatwe hata kwenye kitu kisichowaka? Kuna wanaosema hakuna jaji atakayeifuatilia. Lakini Chevrolet inatoa jibu zuri. Zamu yake ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na silinda zenye namba witiri zote ziko kushoto kwa dereva. Ya 5 na ya 7 zinapakana, na huwaka moja mara baada ya nyingine. Nyaya zake zikikimbia sambamba zimegusana, umeme wa mmoja unaweza kuamsha cheche kwenye mwingine, silinda ya 7 ikawaka kabla ya wakati, na injini ikaanza kumisi. Mafundi wa magari hayo huzitenganisha nyaya hizo mbili kwa makusudi. Modeli yenye nyaya za 5 na 7 zilizoachana ina kitu ambacho mtu aliyewahi kushika spana atakiona bila kuambiwa.

Rangi ni jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Magari mengi ya zamani yalitoka kiwandani na nyaya nyeusi. Njano, nyekundu na buluu zilikuja na maduka ya vipuri vya mbio. Gari la familia la 1957 lenye nyaya nyekundu lina maelezo ya kutoa. Hata nyeusi yenyewe iwe kijivu cha giza kisichong'aa, kwa sababu nyeusi tupu kwenye kitu kidogo humeza umbo lake lote.

Gundi kali ya haraka hushika vizuri ndani ya matundu, ila mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye rangi nyeusi na kwenye sehemu zilizopakwa kromu. Hutiwa kwa ncha ya sindano, tone dogo, na dirisha likiwa wazi. Sehemu zinazoonekana zinafaa gundi nyeupe ya mbao, ambayo hukauka ikawa angavu.

Wenye kiu zaidi huitafuta Porsche 917, iliyoshinda Le Mans mwaka 1970 na 1971: silinda 12, kila moja na plagi mbili, jumla nyaya 24 za plagi. Magari ya mbio fupi ya Kimarekani ya daraja la Top Fuel nayo yana plagi 16 kwenye V8 moja, zikilishwa na magneto mbili. Magneto huzalisha umeme wake yenyewe, kwa hiyo anayeifungia koili ya kawaida pembeni ameongeza kipuri kisichokuwapo.

Upande wa pili kuna magari ambayo hayataki kazi hii hata kidogo. Chevrolet Corvette ya 1997 ilikuja na injini ya LS1 isiyo na distributa. Ina koili nane juu ya kava za tapeti na nyaya fupi zinazoshuka hadi kwenye plagi. Kwenye magari mengi ya baadaye koili imekaa juu ya plagi yenyewe na waya mnene umetoweka. Lori la dizeli, liwe Scania au jingine lolote, halina plagi za cheche, kwani mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Anayetaka kuipamba injini ya lori huigiza mabomba ya chuma yanayotoka kwenye pampu hadi kwenye nozeli. Unene wake halisi ni milimita 6, yaani 0.25 kwenye kipimo cha 1/24, na waya uleule wa msuka mota unatosha. Safari hii hupakwa rangi ya fedha na hukunjwa kwa kona za kubana. Katikati haushuki hata kidogo, kwa kuwa sasa ni chuma.